Waliokula Bweranyange, Wakasimulia Kazeh

Ndagara, Omukama (mfalme) wa Karagwe, alipofariki katika miaka ya 1850, wanawe waligombea kiti. Rumanyika alishinda, na ushindi wake una mkono wa wafanyabiashara wa kigeni, hasa Musa Mzuri, Mhindi mwenye maskani Kazeh, Tabora ya leo. Deni hilo halikuwa dogo. Wageni walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, na Omukama akawategemea kwa nguo, shanga na, kubwa kuliko yote, habari: nani ana nguvu Buganda, njia ipi imefungwa, nani yuko njiani anakuja.

Anayekuletea habari za wenzako hupeleka na zako. Mwaka 1858, msafiri Mwingereza Richard Burton akiwa Kazeh, Snay bin Amir, Mwarabu aliyewahi kufika Karagwe na Buganda, alimweleza kwa kina tawala za kaskazini. Burton hakuwahi kukanyaga Karagwe, lakini mwaka 1860 aliiandika kitabuni.

Novemba 1861 wakaingia Karagwe wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Speke na James Grant. Rumanyika aliwakirimu, wakaiona nyumba yenye sanamu ndogo za ng'ombe za chuma, fahari ya ufalme wake. Speke alimpima shemeji wa Omukama kwa futi na inchi, mkono, kifua na paja, na mwaka 1863 vipimo hivyo vikasomwa Uingereza. Kila nikifika hapo nasikia uchungu: mwili wa mke wa mtu umegeuzwa takwimu.

Simlaumu Rumanyika. Alihitaji macho ya mbali, na Snay alisimulia kama mwenyeji yeyote anavyosimulia. Hatari ilikuwa kwamba mtu aliyeruhusiwa kuingia ndani alikuwa na maslahi na marafiki wake nje, ambako amri ya Omukama haikufika. Na huko nje ndiko, mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walikogawana eneo hili kwenye ramani, na nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa ikaangukia kwa Wajerumani.

Dola kubwa nazo zimenaswa na mtego huo huo wa mtu wa nje aliyeruhusiwa ndani. Edward Snowden, aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani mwaka 2013, alikuwa mwajiriwa wa kampuni binafsi iliyofanya kazi za ujasusi huo kwa mkataba, Booz Allen Hamilton. Nyaraka zake ndizo zilizofichua, mwaka 2014, kwamba Marekani ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za Kenya: nani kampigia nani, na lini. Wakenya waliambiwa na mtu aliyefanya kazi kwa mkataba wa watu wengine.