Ndege za Kivita za Kupaa Wima na Suala la Njia ya Kurukia: Mtazamo kutoka Kipawa

Wanahistoria wa teknolojia ya kijeshi huzieleza ndege za kivita zinazopaa wima kama ushindi wa injini dhidi ya uzito. Insha hii inashika njia nyingine: inazitazama kama jibu kwa tatizo la ardhi. Njia ya kurukia ndege ni ndefu, haifichiki, haihamishiki, na hudai nafasi ambayo mara nyingi ina wenyewe. Kipawa, kata ya Ilala inayopakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ni mahali panapostahili kuulizia swali hilo, kwa kuwa hapo gharama ya nafasi hiyo inajulikana kwa kaya zilizohamishwa kupisha upanuzi wa uwanja.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakashika sehemu muhimu za mji, uwanja wa ndege ukiwemo. Serikali ilipoomba msaada, Uingereza haikulazimika kuupigania uwanja huo. Alfajiri ya tarehe 25, makomando wa kikosi cha 45 walibebwa kwa helikopta kutoka meli ya kubebea ndege HMS Centaur, wakashushwa karibu na kambi, na asubuhi hiyohiyo Colito ikasalimu amri. Kuushika uwanja hakukuwa tena kuufunga mlango wa mji. Tukio hili husimuliwa zaidi kama historia ya siasa na ya jeshi letu. Kwa maoni yangu lina nafasi pia katika historia ya usafiri wa anga.

Hata hivyo helikopta ni ya mwendo wa pole. Swali lililowashughulisha wahandisi lilikuwa kama ndege ya jeti ingeweza kufanya vivyo hivyo. Mwaka 1954 kampuni ya Rolls-Royce ilirusha kiunzi kisicho na mabawa, kikiinuliwa na injini mbili za jeti. Mwaka 1956 Mfaransa Michel Wibault alipendekeza msukumo wa injini uelekezwe chini wakati wa kupaa na nyuma wakati wa kwenda mbele. Wazo lake lilizaa injini ya Pegasus, yenye nozeli nne zinazozunguka, na juu ya injini hiyo kampuni ya Hawker ikaunda ndege ya P.1127, iliyoinuka kwa mara ya kwanza Oktoba 1960 ikiwa imefungwa kamba. Ndege ya Kestrel, iliyotokana nayo, ilijaribiwa na kikosi cha pamoja cha Uingereza, Marekani na Ujerumani Magharibi kilichoundwa Oktoba 1964, miezi tisa tu baada ya Colito. Harrier iliingia kazini mwaka 1969.

Wengine walijaribu kwa njia ya injini nyingi. Mirage III V ya Ufaransa ilibeba injini nane za kuinulia, ambazo zikishafika angani huwa mzigo mtupu, mradi ukaachwa. Yak-38 ya Kisovieti ilikuwa na injini mbili za aina hiyo pamoja na ile kuu, nayo ikaingia kazini, lakini kwa silaha chache na masafa mafupi.

Harrier yenyewe haikuepuka hesabu ya uzito. AV-8B, toleo lililoendelezwa na Wamarekani, huweza kupaa wima ikiwa na takriban tani 9.4, ilhali ikikimbia kidogo hupaa na takriban tani 14. Tofauti hiyo ndiyo mafuta na mabomu. Ndiyo maana, katika utumiaji halisi, ndege hizi hupaa kwa kukimbia umbali mfupi na kutua wima. Jina la “kupaa wima” limedumu kwa sababu ya maonyesho ya hadhara kuliko kwa sababu ya vita.

Tanzania haikuifuata njia hii. Ilinunua jeti za Kichina na kujenga kituo cha Ngerengere kwa msaada wa China, yaani ilichagua njia ndefu za kurukia. Uchaguzi huo haukuwa wa kizembe: ndege ya kupaa wima ni ghali, hudai mafundi wengi, na faida yake huonekana pale tu adui anapoweza kuzipiga njia zako, kama Israeli ilivyozipiga za Misri tarehe 5 Juni 1967. Katika Vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyotumwa kuipiga Mwanza mwaka 1979 ilikosa shabaha. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, vikosi vya Tanzania viliuteka uwanja wa Entebbe kwa kutembea.

Kizazi cha sasa ni F-35B, ambayo huinuliwa na feni nyuma ya rubani pamoja na nozeli ya nyuma inayopinda. Ilifika jirani yetu mwishoni mwa 2020, wakati Marekani ilipokuwa ikiondoa askari wake Somalia. Ndege hizo hazikuhitaji uwanja wowote wa pwani yetu. Ziliruka kutoka USS Makin Island, zikikimbia juu ya sitaha ya meli yenye urefu wa takriban mita 257, na kurejea kwa kutua wima.