Ruta Inayojisasisha Bila Hodi

Jamani, juzi usiku ruta zangu tatu za meshi zilijisasisha zenyewe. Asubuhi mtandao hamna, na kazi ya mteja inangoja!

Hatukuanzia hapa. Mwaka 2003 Linksys ilishinikizwa kutoa msimbo wa ruta ya WRT54G, kwa sababu ilitumia Linux. Mwaka 2004 OpenWrt ikazaliwa humo, na mwenye ruta akawa na uamuzi.

Mwaka 2012 Cisco, iliyomiliki Linksys wakati huo, ilisasisha ruta za wateja na kuhamishia usimamizi wake kwenye Cisco Connect Cloud. Watu wakalalamika, ikalegeza kamba.

Lakini mwaka 2018 VPNFilter iliambukiza vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa na mianya iliyokwisha kujulikana. Kwa hiyo sasisho nalitaka, wadau. Ninachodai ni kuulizwa saa.