Ekseli ya Salisbury: chuma kilichochelewa kufika chini ya Land Rover

Wengi wenu mnalijua umbo la Land Rover 109. Ni gari refu, lenye bodi ya alumini iliyonyooka kama sanduku, na mlio ambao watoto wa kijijini waliutambua kabla gari lenyewe halijatokeza kwenye kona. Waswahili waliita Landrova, na jina hilo likawa kwa miaka mingi jina la kila gari linalopita pasipo na barabara.

Makala yetu ya leo hayahusu umbo hilo. Yanahusu kitu ambacho abiria hakioni na ambacho dereva alikifikiria kila alipokaribia mlima akiwa na mzigo: ekseli ya nyuma. Tutaeleza kwa nini ekseli iliyotoka kiwandani ilikuwa dhaifu, kwa nini ilichukua takriban robo karne kuibadilisha, na jinsi mafundi walivyojifunza kuing'oa na kuweka mahali pake ekseli nzito zaidi iitwayo Salisbury.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Aliyeibuni, Maurice Wilks, alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover. Alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na huko alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Uingereza ilikuwa haina fedha za kigeni, chuma kiligawiwa kwa mgao, na serikali ilitaka kila kiwanda kiuze bidhaa nje. Ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa alumini, ambayo ilikuwa rahisi kupatikana.

Sababu hiyo hiyo ya uhaba ndiyo iliyozaa udhaifu tunaouzungumzia. Rover haikuwa kampuni kubwa, wala haikukusudia gari hili lidumu. Lilikuwa gari la kuvusha kampuni mpaka biashara ya magari ya abiria irudi katika hali yake. Kwa hiyo wahandisi walichukua vifaa vilivyokuwapo tayari. Injini ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi 50 hivi, ilitoka katika gari la abiria, na difu nayo ilitokana na ile ya magari ya abiria ya Rover. Kwa Land Rover fupi na nyepesi ya mwaka 1948, difu hiyo ilitosha.

Lakini gari lilikua. Katikati ya miaka ya 1950 lilitoka toleo refu la inchi 107, na mwaka 1956 likafuata lile la inchi 109, yaani umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mwaka 1957 ilikuja injini ya dizeli. Mwaka 1958 ilikuja injini ya petroli ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi 77, na mwaka 1967 injini ya silinda sita ya lita 2.6. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwapo hata toleo la viti kumi na viwili, na sote tunajua kwamba huku kwetu viti kumi na viwili havikuwahi kumaanisha watu kumi na wawili. Mzigo uliongezeka, injini ikaongezeka, ila difu ya nyuma katika magari mengi ikabaki na asili yake ya gari la abiria.

Nguvu inavyopita

Ili kuelewa kilichokuwa kikivunjika, inafaa tufuate nguvu kutoka injini hadi tairi. Injini huzungusha giaboksi. Giaboksi huzungusha giaboksi ya pili, ile ya gia kubwa na gia ndogo. Kutoka hapo propela hupeleka mzunguko nyuma hadi kwenye difu. Ndani ya difu kuna pinioni, jino dogo linalosukuma gurudumu kubwa la meno ambalo mafundi huliita krauni. Pinioni huzunguka mara 4.7 ili krauni izunguke mara moja. Kutoka difuni hutoka shafti mbili, moja kila upande, ambazo ndizo zinazozungusha magurudumu.

Ukiweka gia ya kwanza katika gia ndogo, hesabu ya uwiano wote huo kwa pamoja inafika karibu mara 40. Maana yake ni kwamba nguvu ya msokoto inayotoka kwenye injini hufika nyuma ikiwa imezidishwa karibu mara 40. Na gari linapopanda mlima, uzito huhamia nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na kuteleza, na kazi yote huangukia ekseli ya nyuma. Shafti za Land Rover zilikuwa na mifereji 10 tu pale zinapoingia kwenye difu. Dereva akiachia klachi kwa pupa huku tairi imenaswa kati ya mawe mawili, shafti hukatika hapo hapo kwenye mifereji, na mara nyingine kipande chake hubaki difuni na kung'oa meno.

Hata hivyo wahandisi wa Rover wanastahili haki yao. Katika gari hili gurudumu halikubebwa na shafti. Lilibebwa na beringi juu ya bomba la ekseli, na shafti ilikuwa na kazi moja tu, kuzungusha. Kwa hiyo shafti ikikatika, gurudumu halikutoka. Dereva alifungua bolti sita katikati ya gurudumu, akavuta kipande cha shafti, akafungia magurudumu ya mbele na kuendelea na safari akivutwa na mbele. Madereva wengi wa safari ndefu walibeba shafti za akiba kama wengine wanavyobeba tairi ya akiba. Ni dalili ya gari zuri na ya gari lenye kasoro kwa wakati mmoja.

Bei ya kasoro hiyo ilianza kuonekana mbali sana na Afrika. Huko Australia, kuanzia mwaka 1949, ulikuwa ukijengwa mradi mkubwa wa mabwawa na umeme katika Snowy Mountains. Land Rover zilitumika kwa wingi milimani humo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mkandarasi Leslie Thiess alileta magari ya Kijapani aina ya Toyota Land Cruiser kwa ajili ya kazi zake, kisha akawa msambazaji wake nchini humo. Land Cruiser ya wakati huo haikuwa gari la starehe, lakini injini yake ilikuwa kubwa, na vyuma vyake vya chini vilikuwa na asili ya lori. Katika miongo miwili iliyofuata hadithi hiyo ilijirudia kwenye Ghuba na Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu, ushindi wa Toyota haukutokana na bei peke yake, kama inavyosemwa mara kwa mara. Shafti ya nyuma ya Land Rover ilikuwa na mchango wake.

Rover haikulala usingizi kabisa. Katika miaka ya 1960 baadhi ya magari, hasa yale ambayo dereva hukaa juu ya injini, yalifungwa ekseli za kampuni ya ENV ya London. Jina hilo lilitokana na maneno ya Kifaransa en V, kwa sababu kampuni hiyo ilianza kwa kutengeneza injini za ndege zenye silinda zilizopangwa mfano wa herufi V. Zilikuwa ekseli nzuri, lakini chache, na vipuri vyake leo ni adimu.

Jina lililovuka bahari

Ufumbuzi ulikuwa Salisbury. Jina hili halina uhusiano na mji wa Salisbury ulioko kusini mwa Uingereza, wala na ule wa Rhodesia ambao tangu mwaka 1982 unaitwa Harare. Salisbury ilikuwa kampuni ya ekseli ya Jamestown, katika jimbo la New York, ambayo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliingia katika himaya ya viwanda ya Charles Dana, mtu ambaye jina lake bado limo kwenye difu za malori madogo ya Marekani. Kampuni ya Kiingereza iliyobeba jina la Salisbury ilitengeneza ekseli kwa michoro ya Kimarekani, na ile iliyofungwa kwenye Land Rover ni ndugu wa karibu wa ekseli iitwayo Dana 60, inayobeba malori ya mizigo ya Marekani tangu miaka ya 1950.

Land Rover ya Series III ilitoka mwaka 1971, na mapema katika miaka hiyo ya 1970 Salisbury ikawa ekseli ya nyuma ya kawaida katika 109 zote. Krauni ilikuwa kubwa, ganda lilikuwa zito, na shafti zilikuwa na mifereji 24 badala ya 10. Takriban miaka 24 ilikuwa imepita tangu maonyesho ya Amsterdam. Kuchelewa huko kunaeleweka ukikumbuka yaliyoisibu kampuni: Rover ilimezwa na Leyland mwaka 1967, British Leyland ikaundwa mwaka uliofuata, na mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikalazimika kuichukua ili isifilisike. Faida ya Land Rover ilitumika kuziba matundu ya wengine.

Hapo ndipo inapoanza historia ya mafundi. Maelfu ya 109 za zamani, za Series II na IIA, zilikuwa bado barabarani. Magari yenye Salisbury nayo yalianza kupata ajali, kuungua, kuoza chasisi. Nchini Kenya, kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika kilikuwa kikiunganisha Land Rover katika zama hizo hizo, na kila gari lililokufa liliacha ekseli nzima. Fundi aligundua kwamba ekseli hiyo inaingia chini ya 109 ya zamani bila kukata wala kuchomelea chuma.

Kazi yenyewe ni hivi. Gari huinuliwa kwa jeki na chasisi kuwekwa juu ya magogo au stendi imara. Propela hufunguliwa, bomba la breki hufunguliwa, shokapu huachiwa, kisha bolti zenye umbo la U zinazoshika ekseli kwenye springi. Breki ya mkono haisumbui, kwa kuwa katika magari haya haiko kwenye magurudumu ya nyuma. Ina drami yake nyuma ya giaboksi. Ekseli ya zamani huviringishwa nje, mpya huviringishwa ndani. Wenye kujua hawaifanyi kazi hii peke yao, maana Salisbury ni nzito kweli kweli.

Kuna jambo moja linalomshtua asiyejua. Pua ya Salisbury ni ndefu kuliko ya difu ya Rover, kwa hiyo propela ya zamani haiwezi kuingia. Inatakiwa propela fupi, ya gari lililotoka na Salisbury, au ile ya zamani ikatwe na kuchomelewa upya na mtu mwenye mashine ya kereza. Kwenye Land Rover fupi ya inchi 88 shida ni kubwa zaidi, kwa sababu propela ya nyuma ni fupi tangu awali, na ikifupishwa tena hukaa kwa pembe kali.

Uwiano wa meno ndio uliookoa wengi. Salisbury ya Series III ilikuwa na uwiano ule ule wa 4.7, hivyo ekseli ya mbele haikuguswa. Mtego ulikuja baada ya mwaka 1983, lilipotoka gari la 110 lenye springi za mviringo. Nalo lilikuwa na Salisbury, ila kwa uwiano wa 3.54. Kwa nje zinafanana. Anayeifunga hiyo chini ya Series, akiacha difu ya mbele kama ilivyo, atakuwa na gari ambalo magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda kwa kasi tofauti; akifungia magurudumu manne kwenye ardhi kavu, vyuma vitapigana mpaka kimoja kivunjike. Zaidi ya hayo, ekseli hiyo haina viti vya springi za majani.

Wala si kila fundi aliyeipenda Salisbury. Difu ya Rover hutolewa nzima kutoka mbele ya ekseli, na nyingine hurudishwa mchana huo huo chini ya mti. Salisbury haitoki hivyo. Krauni imo ndani ya ganda, na ili kuitoa inabidi ganda litanuliwe kwa kifaa maalumu, kisha vipande vyembamba vya chuma vipangwe upya kwa vipimo vidogo kuliko unene wa karatasi. Tumbo lake kubwa pia hushuka chini zaidi na kugonga mawe. Kwa hiyo mwenye gari alikuwa akichagua kati ya kitu kinachovunjika mara kwa mara na kutengenezeka kirahisi, na kitu kisichovunjika ila siku moja kikivunjika hakuna wa kukitengeneza. Kwa mzigo wa magunia katika njia za milimani, naona waliochagua Salisbury hawakukosea.

Ekseli hiyo iliendelea chini ya 110, iliyokuja kuitwa Defender, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya aina hiyo ya kale tarehe 29 Januari 2016. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha, nyingi zikiwa zimezidi umri wa madereva wake. Anayetaka kujua ipi ina nini hana haja ya kumuuliza mwenyewe: ainame nyuma ya gari. Akiona mgongo laini usio na bolti, hiyo ni difu ya Rover. Akiona kifuniko kikubwa kilichozungukwa na bolti, hiyo ni Salisbury, na pengine haikuzaliwa na gari hilo.