Kiboksi Kilekile, Sauti Nyingine: Historia ya Apdeti Zinazogusa Muziki Wako

Kuna ubishi umewagombanisha wapenda muziki kwa miaka mingi sasa, na kila ukizimwa unawaka upya. Mtu ana mashine ileile, waya zilezile, spika zilezile na wimbo uleule. Anaweka faili moja dogo, anazima, anawasha. Halafu anakwambia besi imekaa vizuri na sauti ya mwimbaji imesogea mbele. Mwenzake pembeni anacheka: "Acha stori, hakuna kilichobadilika hapo."

Nani mkweli? Twende taratibu, mtu wangu, maana historia ya jambo hili inaanzia kwenye CD ya kwanza kabisa na inafika mpaka kwenye eafoni ulizochomeka masikioni sasa hivi. Na njiani kuna swali zito kuliko hilo la besi: ukishaweka apdeti, unaweza kurudi ulikotoka?

Kwanza tuelewane: DAC ni nini?

Muziki ulio kwenye simu au kwenye CD ni namba tupu. Spika haielewi namba, inaelewa umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo katikati lazima awepo mkalimani wa kugeuza namba ziwe umeme. Mkalimani huyo ndiye DAC. Yupo ndani ya simu yako, TV, kisimbuzi, laptop, hadi redio ya gari. Wale wenye ugonjwa wa muziki huwa hawaridhiki na wa ndani, wananunua wa pembeni: kiboksi kinachokaa mezani kati ya kompyuta na amplifaya.

Sasa sikia. Sekunde moja ya CD ina vipimo 44,100 kwa upande wa kushoto na vingine 44,100 kwa upande wa kulia. Kila kipimo ni namba ya biti 16, yaani kinachagua ngazi moja kati ya 65,536. Lakini kati ya kipimo kimoja na kinachofuata hakuna kitu, ni nukta na nukta. DAC ndiyo inachora mstari wa kuziunganisha, halafu inafagia takataka zote zilizo juu ya hertz 22,050. Kazi hiyo inafanywa na filta, na filta ya kidijitali ni hesabu.

Hapo ndipo penye siri yote. Kuna njia zaidi ya moja ya kufanya hesabu hiyo. Ngoma ikipigwa, filta ya aina moja huacha mtetemo mdogo kabla ya pigo na mwingine baada ya pigo. Ya aina nyingine huusukuma mtetemo wote uje baada ya pigo. Tofauti ni ndogo mno, ila mashine za maabara zinaiona.

1982: CD moja, hesabu mbili

Tarehe 1 Oktoba 1982, Sony waliingiza sokoni Japani CDP-101, mashine ya kwanza ya CD kuuzwa. Wenzao wa Philips wa Uholanzi, walioshirikiana nao kuunda CD, walikuja na yao, CD100. Kituko ni hiki: waliokubaliana kuhusu CD hawakufanana kwenye kuisoma.

Sony walitumia chipu ya biti 16 na filta kali ya umeme wa kawaida. Philips mkononi walikuwa na chipu ya biti 14 tu, wakaizunguka kwa akili: walizidisha vipimo mara nne, kutoka 44,100 hadi 176,400 kwa sekunde, kwa kutumia filta ya kidijitali. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza, CD moja ilisomwa kwa njia mbili tofauti, na watu walianza kubishana mashine ipi ina sauti tamu.

Lakini ubishi wa wakati ule ulikuwa na mwisho. Hesabu ilikuwa imechongwa ndani ya chipu. Kama hukuipenda sauti ya mashine yako, dawa ilikuwa kuuza na kununua nyingine, au kumpelekea fundi abadilishe vipuri. Kizuri ni kwamba hata mtengenezaji naye hakuweza kukugusa. Ulichobeba kutoka dukani ndicho ulichokuwa nacho hadi kinakufa.

Chipu inayoweza kuandikwa upya

Mwaka 1985 kampuni ya Marekani iitwayo Xilinx ilitoa chipu ya aina mpya, FPGA. Chipu ya kawaida inatoka kiwandani ikiwa na kazi yake. FPGA inatoka ikiwa tupu, na anayeinunua ndiye anayeipanga iwe nini. Akibadili mawazo kesho, anaipanga upya bila kushika chuma cha kulehemu.

Watengeneza DAC walipoizoea, mchezo ulibadilika. Kule Cambridge, Uingereza, kuna dCS, kampuni iliyoanzishwa 1987, ambayo DAC zake zinasimama kwenye FPGA badala ya chipu za kununua zikiwa tayari. DAC yao ya Vivaldi ilitoka 2012, na mwaka 2017 wenye nayo wakapewa toleo jipya la programu, Vivaldi 2.0, lenye hesabu mpya ndani ya kiboksi kilekile. Bartók ya 2018 nayo ikapata 2.0 yake mwaka 2022. Vifaa hivyo ni vya bei ya gari, hata bei ya nyumba. Ila wazo lenyewe halikubaki kwa matajiri.

2014: Apdeti zenye majina ya milima

Kisa kilichowasha moto kabisa ni cha PS Audio wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 2014 walitoa DAC iitwayo DirectStream, ya takriban dola 6,000. Ndani yake hakuna chipu ya DAC ya kununua dukani. Kazi yote inafanywa na FPGA, kwa programu iliyoandikwa na mhandisi Ted Smith, aliyekuwa amelibeba wazo hilo kwa miaka kabla ya kukutana na kampuni. Kila muziki unaoingia, uwe wa CD au faili kubwa, unapandishwa hadi hertz milioni 28 na ushee, kisha unashushwa kuwa mkondo wa biti moja moja kabla ya kutoka kama sauti.

Kila walipoandika fimwea mpya, waliipa jina la mlima wa Colorado: Pikes Peak, Yale, Torreys, Huron, Redcloud, Snowmass, Windom, hadi Sunlight. Mwenye kiboksi alishusha faili bure, akaliweka kwenye memori kadi, akaichomeka nyuma ya mashine, akawasha. Basi.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Watu walizungumzia fimwea kama watu wa mpira wanavyozungumzia makocha: huyu alikuwa bora kuliko yule, tulipotoka palikuwa pazuri zaidi. Jarida la Marekani la Stereophile, lililokichambua kiboksi hicho 2014, lilikirudia tena fimwea mpya zilipotoka. Fikiria hilo: kifaa kimeshachambuliwa, kimeshanunuliwa, kipo sebuleni kwa watu, halafu mchambuzi analazimika kukisikiliza upya kwa sababu si kile tena.

Je, ni kweli au ni kichwa?

Yote mawili, na usikubali mtu akuuzie upande mmoja tu.

Upande wa kweli uko hivi. Fimwea ikibadilisha filta, inabadilisha hesabu, na hesabu ndiyo inayochora sauti. Ikibadilisha namna ya kusukuma kelele za kidijitali kwenda juu zaidi ya sikio la binadamu, ambalo likiwa zima kabisa huishia kama hertz 20,000, hilo nalo linapimika. Tena chipu yenyewe ikifanya kazi inatoa kelele zake za umeme, na programu iliyopangwa vizuri inaweza kuzipunguza. Hakuna uchawi hapo.

Upande wa kichwa nao upo. Ubongo ukiambiwa kuna kitu kipya, unakitafuta, na ukikitafuta unakipata. Kingine ni ukubwa wa sauti: ukiongeza kidogo tu, hata chini ya desibeli moja, msikilizaji hasemi "imepanda". Anasema "imekuwa nzuri". Ndiyo maana wanaolinganisha vifaa kwa umakini husawazisha kwanza sauti hadi tofauti ya desibeli 0.1, kisha wanasikiliza bila kujua kipi kinapiga.

Sasa angalia: ili ufanye jaribio hilo kwa fimwea mbili, lazima uwe nazo zote mbili. Lazima uweze kurudi ya zamani, usikilize, uende mpya, usikilize. Wenye DirectStream waliweza. Ukitunza faili la zamani kwenye kadi, unarudi Yale au Huron muda wowote. Kampuni ya Uingereza iitwayo iFi nayo iliwahi kuweka fimwea zaidi ya moja kwa DAC zake ndogo, zenye filta tofauti, mteja achague mwenyewe inayomkaa. Kwa watu hao ubishi una mwamuzi, ambaye ni sikio lao wenyewe.

Pasipo na njia ya kurudi, unabaki kuamini tu.

Sasa tuje kwako

Unaweza kusema hayo ni mambo ya wazee wenye hela. Hapana. Mwaka 2016 AudioQuest walitoa DragonFly Black na Red, DAC zenye ukubwa wa flashi, za dola 99 na 199. Mwaka 2017 apdeti ikaziongezea uwezo wa kusoma muziki wa MQA, mfumo uliopigiwa debe kweli wakati ule. Miaka ikapita. Aprili 2023 kampuni ya MQA ikawekwa chini ya msimamizi kwa matatizo ya fedha, na Julai 2024 Tidal, jukwaa lake kubwa la muziki, likaachana nao. Kiboksi kilipewa lugha mpya, kisha wazungumzaji wakahama.

Mwaka huohuo wa 2016 iPhone 7 ilikuja bila tundu la eafoni. Kile kiwaya kifupi cha kubadilishia kina DAC yake ndani. Na eafoni zisizo na waya zina DAC kila upande, pamoja na fimwea. AirPods Pro zilitoka Oktoba 2019. Miezi michache baadaye wenye nazo walianza kulalamika kwamba baada ya apdeti hazizuii makelele kama mwanzo. Tovuti ya Rtings ikapima tena, ikakuta kweli uzuiaji umepungua kwenye sauti za chini, na besi nayo imeguswa. Hawakuwa wanaota. Ila hakukuwa na kadi ya kuchomeka wala faili la kurudia. Eafoni hizo hujiapdeti zenyewe zikiwa kwenye chaji karibu na simu, na Apple hawampi mtumiaji njia ya kurudi nyuma.

Kuna wakati hata mwenye mali mwenyewe hawezi kurudi. Mei 2024 Sonos, wauzaji wa spika za nyumbani, walitoa programu mpya ya kuendeshea spika zao. Ilikuja bila vitu watu walivyozoea, kama kuweka alamu. Wateja wakaomba ile ya zamani irudi. Mwezi Agosti bosi wa kampuni akasema wamejaribu na haiwezekani, maana mifumo ndani ya spika na kwenye mtandao ilikuwa imeshabadilika. Januari 2025 akaachia kiti. Spika zilikuwa zilezile walizonunua watu kwa hela zao.

Kwa hiyo?

Apdeti si adui. Nyingine zinaziba mianya ya usalama, na DirectStream ilionyesha kuwa kifaa cha 2014 kinaweza kupewa uhai mpya bure mwaka baada ya mwaka. Ila CD ya 1982 ilikuwa na kitu kimoja ambacho tumekipoteza bila kushtuka: ukishalipa, hakuna aliyeweza kuingia sebuleni kwako usiku na kubadilisha sauti.

Kabla hujanunua DAC, spika au eafoni, muulize muuzaji maswali mawili. Apdeti inakuja kwa ruhusa yangu au inajiingiza? Na nisipoipenda, narudije? Akijibu vizuri, lipa. Akianza kuzungukazunguka, ujue unanunua chombo tu, na sauti yake itabaki mikononi mwa mwingine.

Wewe je, kuna eafoni au spika yako iliyobadilika sauti baada ya apdeti? Iliboreka au iliharibika? Shusha komenti hapo chini, tubishane kistaarabu.