Chekeche la Seli

Seli ya mnyama hupata vijenzi vya DNA kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuviunda tangu mwanzo, nayo ni kazi ya gharama kubwa. Ya pili ni kuokota masalio na kuyatumia tena, mfano wa mwashi achukuaye mawe ya nyumba iliyobomoka. Miongoni mwa vimeng'enya viendeshavyo njia hii ya pili kimo kimoja kiitwacho kwa kifupi HPRT.

Mwaka 1962, huko Madison katika Marekani, Elizabeth Szybalska na Waclaw Szybalski walikuza seli katika lishe yenye masalio hayo pamoja na aminopterini, sumu izibayo njia ya kwanza. Seli isiyokuwa na HPRT ilikufa. Iliyokuwa nacho ilinusurika. Mwaka 1964 John Littlefield alichanganya seli za panya za namna mbili, moja ikikosa HPRT, ya pili ikikosa kinasi ya timidini. Zikasalia hai zile tu zilizoungana, kila moja ikifidia upungufu wa mwenziwe. Hilo ndilo chekeche lenyewe, wala halikubuniwa kwa ajili ya kingamwili.

Mwaka uo huo Michael Lesch na William Nyhan walieleza ugonjwa wa watoto wa kiume wajiumao midomo na vidole hata kujijeruhi. Mwaka 1967 ikabainika kwamba kilichopungua miilini mwao ni HPRT hicho hicho. Upungufu uliokuwa chombo chupani ulikuwa msiba nyumbani.

Ndipo mwaka 1975, huko Cambridge, Georg Köhler na César Milstein wakaunganisha seli za wengu wa panya aliyekwisha dungwa damu ya kondoo na seli za saratani zisizo na HPRT. Seli za wengu hazidumu chupani. Za saratani hudumu, lakini chekeche huziua. Zilizoungana ndizo zilizopita, zikatoa kingamwili ya namna moja pasipo kukoma. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Waliosuka chekeche hawatajwi sana nje ya maabara, na hiyo si haki.

Baadaye kingamwili za jinsi hiyo zilielekezwa kwa HPRT chenyewe. Seli inayotoa kingamwili ya kutambua HPRT cha binadamu yaweza kuwa imenusurika kwa HPRT cha panya. Vipimo vya kazi ya kimeng'enya humwambia tabibu kwamba kazi haifanyiki. Kingamwili humsaidia kujua kama kimeng'enya hakipo kabisa, au kipo nacho kimelemaa.