Jiko la Mama na Hewa ya Dunia

Karo yangu ya shule ilitoka katika tanuri la mkaa. Baba alikata miti, akaipanga, akaifunika kwa majani na udongo, kisha akalinda moshi mchana na usiku, kwa maana tanuri likipasuka na kuingiza hewa, mti wote huwa jivu. Magunia tuliyasimamisha kando ya barabara ya Morogoro, tukangoja malori. Kwa hiyo ninapoandika juu ya moshi na hali ya hewa, siandiki kama mtu asiyehusika.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, usiku mmoja wa masika, mama aliingiza jiko chumbani ili tulale katika joto. Mkaa ulikuwa umekwisha kushika vizuri, hauna moshi, nasi tukadhani hauna madhara. Usiku wa manane mdogo wangu aliamka akitapika. Mimi kichwa kilikuwa kikiniuma kama kinachopasuliwa, na miguu haina nguvu. Mama alitambaa hadi mlangoni, akaufungua, akatuburura barazani kwenye mvua. Tulipona. Majirani walisema tumerogwa, na mama aliamini hivyo kwa miaka mingi.

Mchawi yule alikuwa kaboni monoksaidi. Mkaa unaowaka penye hewa haba huitoa hewa hiyo, nayo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Mkaa ukipata hewa ya kutosha, hutoa zaidi hewa ya ukaa, ambayo hata sisi tunaitoa kila tunapopumua. Ya kwanza huua mtu chumbani kwa usiku mmoja. Ya pili hufanya kazi yake polepole, na chumba chake ni dunia nzima.

Habari za hiyo ya pili zina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1856, huko Marekani, mwanamke aitwaye Eunice Foote alitia vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo, akaijaza hewa za namna mbalimbali na kuianika juani. Mtungi wenye hewa ya ukaa ulipata joto kuliko mingine, na ulipoondolewa juani ulichelewa sana kupoa. Akaandika kwamba kama hewa hiyo ingezidi angani, dunia ingekuwa na joto zaidi. Makala yake ilisomwa mkutanoni na mwanamume, Joseph Henry, kisha ikasahauliwa kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1859, John Tyndall alionyesha huko London jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanga wa jua hupenya angani bila shida, ukaipasha ardhi. Ardhi nayo hurudisha joto lisiloonekana kwa macho, na joto hilo ndilo linalonaswa na mvuke wa maji na hewa ya ukaa. Ni kama blanketi: haliwaki moto, ila huzuia joto la mwili lisitoroke. Bila blanketi hilo dunia ingekuwa na baridi zaidi kwa digrii 33 hivi, na maji yangeganda karibu kila mahali. Ubaya haumo katika kuwa na blanketi, bali katika kuongeza la pili na la tatu.

Mwaka 1896, Svante Arrhenius wa Sweden alikaa na kalamu yake akapiga hesabu ya joto litakaloongezeka hewa hiyo ikizidi. Mwaka 1958, Charles Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Alikuta sehemu zipatazo 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 2024 zilikuwa zimepita 420.

Msomaji ataniuliza: je, ni jiko la mama lililofanya haya? La. Sehemu kubwa imetoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi, vitu vilivyolala ardhini kwa mamilioni ya miaka, na waliovichoma kwa wingi si wanakijiji wa kwetu. Tena mti ukikatwa na mwingine ukaota mahali pake, ule mpya huichukua tena hewa iliyotoka. Lakini pale kwetu miti haikuota tena. Na katika tanuri la udongo, kilo kumi za kuni mara nyingi hazitoi zaidi ya kilo mbili za mkaa.

Katika miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walianza kutengeneza jiko la bati lenye kiuno chembamba, ndani limekandikwa udongo wa kuchomwa. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, likapanda kwenye sufuria. Jiko la namna hiyo lilipofika kwetu nilimnunulia mama. Nikamwonyesha pia kufunga kidirisha cha chini chakula kikishachemka, kuloweka maharage tangu usiku, kufunika sufuria, na kuzima makaa yaliyobaki ndani ya debe lenye mfuniko ili yatumike kesho. Juu ya yote nikamwomba asiliingize tena jiko katika chumba cha kulala, hata likionekana halina moshi. Ndipo nilipomweleza habari ya usiku ule. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni mimi."

Nikamwambia, "Hapana, mama. Hukujua. Na ni wewe uliyefungua mlango."

Gunia lililokuwa likiisha kwa mwezi mmoja likafika karibu mwezi na nusu. Baba aliliangalia lile jiko, akacheka kidogo. "Nimekusomesha kwa mkaa," akasema, "nawe umekuja kuniharibia soko."

Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye nilipanda miti mahali palipokuwa na matanuri yake, na baba alikuja kuniangalia nikichimba mashimo. Alikaa kimya. Kisha akachukua jembe la pili.