Shahidi Akiisha Kusema, Nani Humpokea?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii tunaitumia kila siku, na mara nyingi tunaitumia kwa mzaha, kumcheka mtu mwoga. Leo naomba tuitazame kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna elimu kubwa kuliko tunavyodhani.

Nianze na jambo la nyumbani. Mwezi Mei mwaka 1994 nilikuwa Bukoba kwa shangazi yangu, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na ziwa. Siku hizo Mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti kutoka Rwanda na kuzimwaga katika Ziwa Viktoria. Upande wa Uganda, wenyeji wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliopoa na kuzika maiti zaidi ya 10,000. Huku kwetu wengi tuliacha kula samaki. Baadaye hofu ikapungua, watu wakarudi kwenye mazoea yao. Shangazi hakurudi. Alifariki mwaka 2009 bila kuonja tena sato wala sangara. Sisi watoto wa kaka yake tulikuwa tukimtania kila tulipokwenda kumwamkia, tukimwambia, "Shangazi, samaki wa leo hawajui habari za 1994." Yeye alitabasamu tu, akasogeza sahani. Katika miaka yote 15 hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza siku zile aliona nini kule ufukoni.

Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuzungumza nanyi: kusema, kusikilizwa, na yale yanayompata mtu baada ya kusema.

Tukumbushane kidogo. Vita vya Rwanda vilianza tarehe 1 Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF walipovuka mpaka kutoka Uganda. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, aliyekuwa akirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam, ilitunguliwa ilipokaribia kutua Kigali. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi naye alikuwa ndani. Mauaji yakaanza. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi mno wakiwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki au waliopinga utawala. Wengi wa waliouawa waliuawa kwa mapanga na marungu, na mara nyingi muuaji alikuwa jirani. Mambo haya yanajulikana. Yasiyojulikana sana ni ya wale waliobaki hai.

Mwezi Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, na makao yake yakawekwa Arusha, katika jengo la mikutano la AICC. Kesi ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba, ilianza kusikilizwa Januari 1997. Mwaka huo nilikuwa Arusha kwa shughuli nyingine, nikaingia siku moja kusikiliza mojawapo ya kesi. Sisi wasikilizaji tulikaa nyuma ya kioo, tumevaa hedifoni. Shahidi alikuwa nyuma ya pazia. Hakuitwa kwa jina bali kwa herufi tu, kwa usalama wake. Niliisikia sauti ya mkalimani, baridi na ya taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Wakili wa utetezi akauliza: Ilikuwa tarehe ngapi? Saa ngapi? Kutoka pale ulipojificha hadi barabarani ni mita ngapi? Shahidi akasema hakumbuki. Wakili akashika karatasi ya maelezo ambayo shahidi huyo aliwapa wapelelezi zamani. Mbona mle alisema watu wanne, na leo anasema sita? Shahidi akanyamaza. Kimya kile kikawa kirefu. Nakiri mbele yenu, ndugu zangu: pale nyuma ya kioo nilisema moyoni, mama huyu anadanganya.

Nilikuwa nimekosea. Wataalamu wa maradhi ya akili wamekwisha kueleza kwamba jambo la kutisha mno halikai kichwani kama mambo ya kawaida. Mtu anaweza kukumbuka harufu ya majani aliyojificha ndani yake na rangi ya shati la muuaji, asikumbuke kama ilikuwa Jumatatu au Ijumaa. Tena jambo lenyewe halimjii kama kitu kilichopita. Humjia kama kitu kinachotendeka sasa hivi, pamoja na jasho, mapigo ya moyo na hamu ya kukimbia. Hiki ndicho kiwewe. Mwenye kuumwa na nyoka anajua fika kwamba ule ni unyasi, lakini mwili wake haujui.

Majaji wa kesi ya Akayesu walilitambua jambo hili. Katika hukumu yao ya tarehe 2 Septemba 1998, hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, waliandika kwamba mashahidi wengi walikuwa wameona ndugu zao wakiuawa au walitendewa unyama wao wenyewe, na kwamba ushahidi wao lazima upimwe huku jambo hilo likizingatiwa. Walitambua pia kwamba mwanakijiji asiyezoea ramani wala kupima umbali kwa mita si mwongo kwa sababu hiyo.

Kisha kulikuwa na suala la lugha. Mashahidi walisema Kinyarwanda, maneno yakapelekwa kwenye Kifaransa, yakatoka hapo kwenda Kiingereza. Mahakama ilimwita mtaalamu wa lugha kueleza maneno waliyotumia wanawake waliponajisiwa. Mojawapo lilikuwa gufata ku ngufu. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kusikia nguvu ndani ya ngufu: ni kukamata kwa nguvu. Lakini wengine walisema kuryamana, yaani kulala pamoja, kwa sababu heshima haikuwaruhusu kutamka zaidi ya hapo mbele ya wanaume wageni. Mtu asiyejua aibu ya wazee wetu angeweza kuandika kwamba mama yule alilala na mtu kwa hiari yake.

Na ushahidi huo ulikuwa na uzito gani? Hati ya kwanza ya mashtaka dhidi ya Akayesu haikuwa na kosa la ubakaji hata moja. Mapema mwaka 1997 mama mmoja, aliyekuwa akihojiwa juu ya mambo mengine kabisa, alieleza jinsi mtoto wake mdogo wa kike alivyonajisiwa. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee katika jopo lile la majaji watatu, alikuwa miongoni mwa waliotaka kujua zaidi. Shahidi mwingine akafuata. Mwezi Juni 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa, na hukumu ilipotoka ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Sheria ya dunia nzima ilisogezwa na wanawake wa kijijini waliokaa nyuma ya pazia Arusha.

Hiyo ni heshima kubwa, na mahakama ile inastahili sifa yake. Hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015 ilikuwa imewafungulia mashtaka watu 93 na kuwasikiliza mashahidi zaidi ya 3,000. Lakini sasa nauliza: mama yule akishuka kizimbani, nani humpokea?

Mwaka 2001, katika kesi nyingine pale pale Arusha, shahidi wa kike alikuwa akihojiwa na wakili juu ya kubakwa kwake, maswali ya kudhalilisha, na majaji wakacheka. Baadaye ilielezwa kwamba hawakumcheka shahidi, walicheka maswali ya wakili. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyesafiri kutoka Butare kuja kusema jambo ambalo hajamwambia hata dada yake hana kipimo cha kutenganisha kicheko na kicheko. Januari 2002 vyama viwili vya manusura, Ibuka na AVEGA, vilisitisha ushirikiano wao na mahakama.

Kulikuwa na jambo jingine chungu zaidi. Wanawake wengi waliobakwa waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Kwa miaka kadhaa watuhumiwa waliokuwa mahabusu Arusha walipewa dawa za kurefusha maisha, kama inavyostahili mtu yeyote aliye chini ya ulinzi. Mashahidi waliorudi vijijini hawakuzipata, na wapo waliokufa. Sisemi mahabusu wanyimwe dawa. Nasema tuliwachukua mashahidi maneno yao, tukawarudisha na maradhi yao.

Yapo mawazo yaliyoenea kwamba kusema ni kupona: mwache mtu atoe yaliyo moyoni, atapata nafuu. Sisi watu wa redio na magazeti tunayapenda mawazo hayo kwa sababu yanatuhalalishia kazi yetu ya kuuliza. Rwanda imeyaweka kwenye mizani. Mahakama za gacaca, zilizokaa nyasini katika kila mtaa na kijiji, zipatazo 12,000, zilishughulikia kesi karibu milioni 2 kabla ya kufungwa Juni 2012. Mtafiti wa Uswidi, Karen Brounéus, alichapisha mwaka 2010 matokeo ya uchunguzi wake kwa Wanyarwanda 1,200. Waliotoa ushahidi gacaca walikuwa na sonona na kiwewe zaidi kuliko wale ambao hawakutoa. Pale nyasini manusura alisema mbele ya aliyemuua mwanawe na mbele ya jamaa za muuaji, kisha jioni akapita njia ile ile nao kurudi nyumbani, mara nyingi peke yake.

Sasa tusielewe vibaya. Bila gacaca wengi wasingejua mifupa ya wazazi wao imelala wapi, wala wasingeizika. Ukweli ulihitajika. Ninachosema ni kwamba ukweli ni mzigo, na mwenye kuutoa huutua mezani kwa mahakama lakini haumtoki mgongoni.

Wanyarwanda wana neno lao kwa hali hii: ihahamuka. Asili yake ni neno la mapafu, kana kwamba mtu amekuwa hana mapafu, pumzi imekatika. Kila mwezi wa Aprili, wakati wa maombolezo, wapo wanaopiga mayowe, wanaoanguka, wanaokimbia wakiona wauaji ambao hawapo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya manusura bado walikuwa na kiwewe cha kiwango cha ugonjwa, hali kwa wananchi kwa jumla ilikuwa chini ya watu 4 katika 100. Hiyo ni miaka 24 baada ya mauaji. Kumbukeni pia kwamba nchi ilianza bila waganga wa kutosha wa maradhi hayo. Hata hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ndera, karibu na Kigali, ilivamiwa Aprili 1994, wagonjwa na waliokimbilia humo wakauawa.

Basi ni nini kilichosaidia? Wajane walianzisha chama chao cha AVEGA Januari 1995. Wakakiongezea jina Agahozo, lenye maana ya mahali pa kufutiwa machozi. Kazi yao ilikuwa kutembeleana, kujenga nyumba, kusindikizana hospitali na mahakamani. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Butare, waliokuwa yatima, walianzisha chama chao mwaka 1996, wakajigawa katika familia: wakachagua baba, wakachagua mama, vijana wa miaka ishirini na kitu, ili mtu akiugua awepo wa kumletea uji, na akifaulu mtihani awepo wa kumwambia hongera. Na Aprili inapofika, kwenye viwanja vya maombolezo husimama watu waliofunzwa kumshika mwenye ihahamuka, kumtoa nje taratibu na kukaa naye mpaka pumzi irudi.

Tazameni, ndugu wasikilizaji: katika hayo yote hakuna anayemlazimisha mtu kusema. Kuna anayekaa naye. Kusema huja baadaye, kwa anayetaka, akijua kwamba akimaliza hatarudi nyumba tupu.

Tanzania haikukaa mbali na habari hii. Maiti zilipita katika mto wetu, wakimbizi walikaa katika ardhi yetu ya Ngara na Karagwe, na kesi zilisikilizwa katika mji wetu. Leo wamo mitaani mwetu watu waliopita katika vita vya Rwanda, vya Burundi, vya Kongo. Ni fundi, ni mama wa genge, ni mwalimu wa watoto wetu. Akishtuka fataki zinapolia usiku wa mwaka mpya, tusimcheke. Asipotaka kusimulia, tusimchokonoe. Akianza kusimulia na tarehe zikagongana, tusikimbilie kumwita mwongo kama nilivyofanya mimi.

Nami nina deni ambalo siwezi tena kulilipa. Ningepata siku moja tu ya kurudi pale Bukoba, nisingemtania shangazi juu ya samaki. Ningevuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikala naye ndizi zake na maharage, na nikangoja.